Mwandikaji, Msahihishaji na Hazina ya Maandishi

Maandishi huharibika kwa njia mbili. Njia ya kwanza huonekana kwa macho. Mchwa hula karatasi, unyevu wa pwani huutawanya wino, na kitabu kilichokaa juu ya kabati miaka mingi huachana jani moja moja mkononi mwa mwenye kukifungua. Njia ya pili haionekani. Karatasi ni nzima, hati ni nzuri, wino ni mweusi kama siku ya kwanza, walakini neno lililoandikwa pale silo alilolitunga mtunzi. Uharibifu wa kwanza hulalamikiwa na kila mtu. Wa pili hausikitikiwi na yeyote, kwa kuwa husomwa, hukaririwa, hutiwa katika mitihani, na hatimaye huitwa urithi wetu.

Katika makala haya tunakusudia kuizungumza njia hii ya pili, na jinsi watu walivyojaribu kuyatengeneza maandishi yaliyopotoka ndani ya hazina zao. Mifano yetu tutaichukua zaidi katika tenzi na mashairi ya pwani, maana hapo ndipo Kiswahili kina historia ndefu ya kunakili na kusahihisha. Baadaye tutazitazama pia hazina za kompyuta, ambazo watu wengi hudhani kwamba haziwezi kukosea.

Yafaa kwanza tukumbuke kuwa kila hazina ya maandishi ina sehemu mbili: maandishi yenyewe, na orodha ionyeshayo kila andishi liko wapi, ni la nani na ni la lini. Aliyepata kufanya kazi masijala analijua jambo hili bila ya kufundishwa. Majalada yaweza kuwapo yote rafuni, lakini daftari likikosewa ofisi nzima husimama. Jalada lililowekwa mahali pasipo pake ni sawa na jalada lililoungua, isipokuwa lile lililoungua halimpotezei mtu siku nzima ya kulitafuta. Katika fasihi yetu mambo ni hayo hayo. Utungo mmoja waweza kuwa na majina mawili au matatu: Utenzi wa Tambuka ndio uitwao pia Chuo cha Herekali. Mwenye kuandika orodha asipojua hayo, atahesabu tungo mbili palipo na mmoja, na mwanafunzi atautafuta ule wa pili mpaka achoke.

Sasa tuje kwenye maandishi yenyewe. Mashairi yetu ya kale yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Miongoni mwa nakala za kale kabisa ni ile ya huo Utenzi wa Tambuka, uliotungwa na Mwengo bin Athumani wa Pate. Nakala hiyo ina tarehe ya mwaka 1141 wa Hijra, yaani kiasi cha 1728, nayo imehifadhiwa Hamburg, Ujerumani. Herufi hizo zilifanywa kwa ajili ya lugha nyingine. Kiarabu fasihi hakina p wala v, na alama zake za irabu ni tatu tu. Kwa hiyo mwandikaji wa Kiswahili alilazimika kuibebesha herufi moja mizigo mingi. Herufi be ilikuwa b, na p, na mara nyingi mb pia, kwa kuwa ile m itanguliayo haikuandikwa. Fe ilikuwa f na v. Ghaini ilikuwa gh, g, ng na ng'. Kasra ilikuwa i na e, na dhuma ilikuwa u na o.

Hebu tuone matokeo yake. Mtu akiandika be mbili, kila moja na fatha yake, ameandika nini? Yaweza kuwa baba. Yaweza kuwa papa. Yaweza kuwa bamba, au pamba. Chombo kilichotia nanga bandarini Mombasa chaweza kuwa kimeleta papa au pamba, na biashara zote mbili zilikuwako. Aliyeandika kwamba fulani amefua nguo zake na aliyeandika kwamba amezivua wameandika herufi zile zile, ingawa mambo hayo mawili hayafanywi mahali pamoja. Kupenda na kupinda nako hakutengani kwa wino.

Kwa msomaji wa zama zile jambo hili halikuwa aibu wala udhaifu. Yeye utungo alikuwa ameusikia kabla ya kuusoma; karatasi ilikuwa ya kumkumbusha tu, na sauti sahihi ilikuwa imo kinywani mwa watu. Hatari iliingia sauti ile ilipokatika: mnakili alipokuwa wa mji mwingine, au alipokuwa amezaliwa miaka 80 baada ya mtunzi, au alipokuwa mgeni aliyejifunza Kiswahili ukubwani. Hapo kila neno lenye sura mbili likawa njia panda, na mnakili akashika njia moja bila ya kuacha alama kuonyesha kwamba ilikuwapo na nyingine.

Hata hivyo washairi wetu hawakuziacha tungo zao uchi. Wengi hudhani kwamba vina na mizani ni pambo. Ni pambo, na ni mlinzi pia. Utenzi wa kawaida una vipande vinne katika kila ubeti, na kila kipande kina mizani 8. Vipande vitatu vya mwanzo vina kina kimoja, na cha nne kina kina kiendeleacho tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Kipande kikipatikana na mizani 7, tunajua papo hapo kwamba kuna silabi iliyoanguka. Kina kikivunjika, tunajua kwamba kuna neno lililobadilishwa. Tena tenzi nyingi hufungwa kwa ubeti mmoja au zaidi utajao jina la mtunzi, mwaka wa kutungwa na hesabu ya beti zote, nayo hesabu hiyo humwambia msomaji kama amepokea utungo kamili. Ziko pia tungo zifuatazo alifu na be hadi mwisho wa herufi, kama Dura Mandhuma, ambamo ubeti ukihamishwa mahali pake utaratibu wa herufi wenyewe hupiga kelele. Tunathubutu kusema kuwa hakuna maandishi ya kawaida, yawe barua, hati ya kiwanja au hotuba, yenye ulinzi wa namna hii.

Lakini mlinzi aweza kujua kwamba mwizi ameingia asijue alichukua nini. Tuchukue mfano, na ili tusimsingizie mshairi yeyote, ubeti huu tumeutunga wenyewe kwa kufuata lahaja za kaskazini:

Wali watu wote moya
hawakujali ubaya
usiku walipokuya
chomboni wakaingia

Sasa tuseme mnakili ni mtu wa Unguja. Anaona moya na kuya, na kwake yeye hayo ni maneno ya nje. Kalamu yake yamsaidia bila ya kuambiwa:

Walikuwa wote moja
hawakujali ubaya
usiku walipokuja
chomboni wakaingia

Mizani ni 8 kila kipande, lakini kina kimevunjika. Mlinzi amepiga kelele. Mwaka mwingine anakuja msahihishaji, mtu mwema, mjuzi wa ushairi, mwenye haki ya kuona kwamba pana kosa. Anaona vipande viwili vina kina cha ja, na kimoja kina ya. Wengi wape. Anakitengeneza kile kimoja:

Walikuwa wote moja
hawakujali kungoja
usiku walipokuja
chomboni wakaingia

Msomaji na autazame ubeti huu kwa makini. Vina vimetimia. Mizani imetimia. Maana yapo, wala si mabaya. Na neno pekee lililokuwa salama katika ubeti wa pili, ubaya, ndilo lililotupwa. Mashujaa wetu hapo mwanzo walikuwa watu wasioogopa baya lolote. Sasa wamekuwa watu wasio na subira. Tangu hapo hakuna kina wala mizani itakayomwonya msomaji, kwa sababu aliyetengeneza amewaridhisha walinzi wote. Mnakili wa kwanza aliharibu akaacha jeraha. Msahihishaji alilifunika jeraha, na ndani mkabaki ugonjwa.

Hiki ndicho kiini cha hoja yetu. Kanuni yaweza kutuambia kwamba andishi limeharibika. Haiwezi kwa nguvu zake peke yake kutuambia andishi lilikuwaje. Kwa hilo yatakiwa nakala nyingine, iliyotoka katika mkono mwingine, kwa njia nyingine.

Wazee waandikaji waliijua hoja hii kuliko tunavyowadhania. Katika desturi ya waandikaji wa hati za Kiarabu, nakala mpya haikuhesabiwa kuwa imekamilika mpaka ikabiliwe na ile iliyonakiliwa: mmoja asome kwa sauti, mwenziwe afuatilie kwa jicho. Neno lililosahaulika halikubanwa kati ya mistari kama kwamba lilikuwapo tangu awali. Liliwekwa pambizoni, pakatiwa alama mahali linapotakiwa kuingia, na pembeni yake likaandikwa neno dogo, sahha, yaani limehakikiwa. Chini ya ukurasa liliandikwa neno la kwanza la ukurasa ufuatao, ili majani yakichanganyika yaweze kurudishwa katika mpango wake. Karani wa siku hizi atakumbuka hapo namba za karatasi ndani ya jalada: karatasi ikichomolewa, namba huruka, na mwenye kuichomoa huulizwa. Twaona vema kwamba kutokana na shina hilo la Kiarabu Kiswahili kimepata neno sahihi, nacho kikalipa kazi mbili: lisilo na kosa, na jina la mtu atiaye mkono wake chini ya barua.

Tena fasihi yetu ina mfano wa nyongeza iliyo wazi, nao ni takhmisa. Edward Steere alipochapisha kitabu chake cha hadithi za Waswahili mwaka 1870, alitia ndani yake beti zinazonasibishwa na Fumo Liyongo, zikiwa zimetiwa takhmisa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, yule mtunzi wa Al-Inkishafi. Kutia takhmisa ni kuchukua beti za mshairi wa kale zenye vipande viwili viwili, na kuongeza vitatu mbele yake ili kila ubeti uwe na vitano. Mshairi aliyekuja baadaye ameingia katika nyumba ya mwenziwe, amejenga vyumba vitatu, na kila apitaye anajua ukuta wa zamani unaanzia wapi. Mtu aliyelelewa katika sanaa hiyo hakuwa na haja ya kufundishwa tofauti iliyopo baina ya kuongeza na kughushi.

Sasa tuuchukue mfano mmoja wa kihistoria ambao shule zetu zinauhitaji sana. Muyaka bin Haji al-Ghassaniy aliishi Mombasa, akafariki yapata mwaka 1840. Mashairi yake yalikuwa ya barazani na ya siasa: vita vya maneno baina ya Mombasa ya Wamazrui na maadui zake, fumbo, kejeli, na mapenzi. Shairi la namna hiyo huzaliwa kwa sababu ya siku moja, na asiyeijua siku ile huona maneno matupu. Katika miaka ya 1880 mmisionari Mwingereza W. E. Taylor alikuwa Mombasa, naye alibahatika kumpata Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mshairi na mwanachuoni aliyefariki mwaka 1890. Mwalimu Sikujua ndiye aliyeyakusanya mashairi ya Muyaka kutoka kwa watu waliokuwa wakiyahifadhi kwa moyo, akayaandika kwa hati ya Kiarabu na kumweleza Taylor maana na sababu zake. Karatasi za Taylor zikaishia London, katika chuo cha taaluma za Mashariki na Afrika. Mwaka 1940 William Hichens akachapisha Diwani ya Muyaka huko Johannesburg, kwa herufi za Kilatini.

Tuhesabu mikono. Kutoka kwa Muyaka hadi midomo ya watu. Kutoka midomo ya watu hadi kalamu ya Mwalimu Sikujua. Kutoka hapo hadi tafsiri na maelezo ya Taylor. Kutoka kwa Taylor hadi kwa Hichens. Kutoka kwa Hichens hadi kwa mpiga chapa. Na kutoka kwa mpiga chapa hadi vitabu vya shule na ubao wa darasani. Baina ya kinywa cha mtunzi na kalamu ya kwanza ilipita kiasi cha miaka 40 au zaidi. Baina ya kalamu hiyo na chapa, miaka mingine 50. Msomaji aliyekishika kitabu cha 1940 alikuwa amekaa mwisho wa mlolongo mrefu.

Ndiyo maana twaiona kazi ya Profesa Mohamed H. Abdulaziz kuwa ya thamani kubwa. Yeye ni mwenyeji wa Mombasa aliyekuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1979 alitoa kitabu chake juu ya Muyaka na ushairi wa karne ya 19. Hakuridhika na kuyachapa upya yaliyokwisha chapwa. Alizirudia karatasi za nyuma, akayapanga mashairi pamoja na historia ya Mombasa, ili kila shairi likae karibu na tukio lililolizaa. Hapa tunaona ulinzi wa aina nyingine, mbali na vina na mizani: historia. Neno lenye sura mbili likiwekwa ndani ya vita fulani au ugomvi fulani, mara nyingi sura moja huanguka yenyewe.

Twatakiwa tuwe waangalifu, hata hivyo, tunaposema kwamba nakala nyingi ni bora kuliko moja. Inategemea zimetoka wapi. Huko Lamu alikuwako bwana mmoja wa vipaji vingi, Muhamadi Kijuma, aliyefariki mwaka 1945. Alikuwa mshairi, mchonga milango, mpiga ala, na mwandikaji mwenye hati ya kupendeza mno. Wataalamu wa Ulaya, tangu Taylor, na Alice Werner, na Hichens, hadi Ernst Dammann aliyefika Lamu mwaka 1936, walimtegemea awaandikie tenzi. Kwa hiyo nakala kadhaa zilizoko Uingereza na Ujerumani zimetoka katika mkono wake mmoja. Tunamshukuru, maana bila ya yeye tungo nyingi zingalipotea kabisa. Walakini mtu akizikuta nakala tatu za Kijuma zikikubaliana, asidhani amepata mashahidi watatu. Amemsikia shahidi mmoja mara tatu. Na nakala moja hafifu iliyoandikwa Siu na mtu asiyejulikana, ikiwa imetoka katika chanzo kingine, yaweza kuwa na uzito kuliko hizo tatu zenye hati nzuri.

Baadhi ya vijana wetu watasema kwamba haya ni mambo ya karatasi, na kwamba siku hizi maandishi yamo katika kompyuta, ambayo hainakili kwa kusinzia wala haina lahaja. Tunaomba watusikilize kidogo.

Kompyuta huandika kila kitu kwa alama mbili tu, 0 na 1. Alama hizo nazo hugeuka: kwa umeme kukatika, kwa diski kuchakaa, kwa waya mbovu. Mwaka 1950 Richard Hamming, mwanahisabati wa maabara za Bell huko Marekani, alitangaza njia ya kulitibu jambo hilo. Mashine alizokuwa akizitumia ziliweza kutambua kwamba zimekosea, zikaiacha kazi yake njiani. Akajiuliza: kama mashine yajua kwamba imekosea, mbona isijue ni wapi, ikajisahihisha? Basi kwa kila alama 4 za maandishi akaongeza alama 3 za ulinzi, zikawa 7, zimepangwa kwa namna ambayo alama moja ikigeuka, zile za ulinzi humwelekeza mtu kwenye hiyo iliyogeuka. Mshairi hatashangaa. Hizo alama 3 ni vina na mizani vya mashine.

Na ugonjwa wake ni ule ule. Zikigeuka alama 2 kwa pamoja katika zile 7, hesabu ya Hamming haikai kimya. Huelekeza kwenye alama ya tatu, ambayo haikuwa na kosa lolote. Mashine huigeuza, huridhika, na kuyatoa maandishi hayo kuwa yametengenezwa. Huyu ndiye msahihishaji wetu wa kungoja, amekuja tena kwa sura ya chuma. Hamming mwenyewe akaonyesha pia njia ya kuongeza alama nyingine ya ulinzi ili makosa 2 yaweze angalau kutambuliwa, hata kama hayawezi kutibiwa, na mashine iseme wazi: pana uharibifu, wala sijui kilichokuwapo. Kukiri huko kuna faida kuliko dawa ya kubahatisha.

Hazina kubwa za kompyuta, zile ambamo magazeti, maktaba na wizara huweka maandishi yao, hupata pia ule ugonjwa wa masijala. Maandishi hukaa upande mmoja na faharasa upande wa pili. Umeme ukikatika wakati programu imekwisha andika upande mmoja na haijaandika wa pili, faharasa yaweza kuonyesha andishi lisilokuwapo, au andishi likawapo lisionyeshwe na faharasa. Faharasa ina nafuu moja: yaweza kufutwa yote na kujengwa upya kwa kuyapitia maandishi yenyewe moja baada ya jingine. Maandishi hayana nafuu hiyo. Hakuna faharasa iwezayo kurudisha aya iliyopotea. Kwa hiyo mafundi wenye busara, kabla ya kugusa kitu, kwanza hunakili hazina yote kama ilivyo, pamoja na uharibifu wake, ndipo watengeneze juu ya nakala. Huandika kila walichokibadili. Na hazina zilizopangwa vizuri hazifuti toleo la zamani pale jipya linapoingia. Huyaweka yote, pamoja na tarehe na jina la aliyebadili.

Kwa kila andishi hufanyiwa pia hesabu ndefu, itoayo tarakimu ambazo ni kama alama ya kidole. Baada ya mwaka hesabu hurudiwa. Tarakimu zikitofautiana, andishi limeguswa. Lakini alama ya kidole hutuambia tu kwamba mtu huyu siye, haimrudishi aliyepotea. Andishi zima hutafutwa penginepo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kilianzisha mpango uitwao LOCKSS, ambamo maktaba mbalimbali huweka nakala zao mbali mbali na kuzilinganisha mara kwa mara; yenye kutofautiana na wenziwe hutengenezwa kwa kuzifuata zile zinazokubaliana. Nguvu ya mpango huo ni kwamba kila maktaba hukaa na nakala yake. Ofisi ambayo kila usiku hunakili hazina yake juu ya nakala ya jana, huku hazina yenyewe imekwisha kuharibika, haina nakala mbili. Ina uharibifu mara mbili, kama wale mashahidi watatu wa mkono mmoja.

Maandishi ya Kiarabu yalipoanza kuingizwa katika kompyuta, lile tatizo la be lilizaliwa tena. Kila herufi huwekwa kwa tarakimu, na zamani majedwali ya tarakimu yalikuwa mengi. Andishi lililowekwa kwa jedwali moja likifunguliwa kwa jingine, msomaji aliona alama zisizo na maana. Hapo bado hakuna kilichopotea, mradi asiguse mtu. Balaa huja pale mtu anapoyaona yale mavurugano, akayahifadhi upya, na programu ikaweka alama ya kuuliza mahali pa kila herufi isiyoitambua. Tangu mwaka 1991 pana jedwali moja la herufi za dunia, liitwalo Unicode, ambalo lina nafasi ya pe na ve za hati ya Kiarabu. Nao wataalamu wetu hawakulala: mwaka 1997 Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa pamoja na P. J. L. Frankl walichapa historia ya kukiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na mapendekezo ya kuzitenga sauti zilizokuwa zikichanganyika. Hata hivyo hakuna jedwali litakalotuambia kama mwandikaji wa kale aliyeandika be alikusudia p. Hilo lataka mtu.

Walimu huenda wakatuuliza, basi sisi tufanye nini darasani? Twaona jambo la kwanza ni kuacha desturi ya kuwapa wanafunzi utungo wa kale kana kwamba umeshuka hivyo ulivyo. Katika miaka ya 1960 J. W. T. Allen alizunguka pwani akikusanya miswada kwa ajili ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiitwa University College. Mwaka 1971 alichapa tenzi sita katika kitabu chake kiitwacho Tendi, pamoja na maelezo yanayoonyesha mahali ambapo nakala zinahitilafiana. Wasomaji wengi hupenda kurasa safi, na maelezo hayo huwachosha. Sisi twaona kwamba ndiyo sehemu ya kitabu ambayo mwanafunzi wa kidato cha tano angeanza nayo. Apewe ubeti mmoja katika sura zake mbili, aambiwe ahesabu mizani, apime vina, atafute maana ya kila neno katika lahaja yake, kisha aseme ni sura ipi aiaminiyo na kwa nini. Asipoweza kuamua, aandike hivyo. Tumeona mara nyingi katika vitabu vya shule neno la Kiamu likigeuzwa la Kiunguja ili liwe jepesi, bila ya mstari mmoja wa maelezo. Na mtoto wa Lamu anayelisoma huona lugha ya bibi yake imefanywa kosa.

Orodha ya miswada hiyo ya Dar es Salaam ilitolewa na Allen mwaka 1970, na jina lake lataja vitu viwili: miswada, na kanda. Kanda zilikuwa ni sauti za watu wakizisoma tungo kwa mahadhi yake. Pale herufi be iliposhindwa kusema kama ni papa au pamba, msomaji aliyerithi utungo kwa kuusikia hutamka moja kwa moja, na kanda huipokea. Huyo ni shahidi ambaye Mwalimu Sikujua na Taylor hawakuwa na njia ya kumhifadhi. Kanda nazo zina maradhi yake: unga wa sumaku hubanduka, na mashine za kuzichezea zinazidi kuwa haba kila mwaka. Popote kanda za namna hiyo zilipo, sauti zilizomo zahitaji kuhamishiwa kwenye kompyuta zikiwa bado zasikika, na kila moja iandikwe ni nani aliyesoma, wapi, mwaka gani, na utungo aliousoma alifundishwa na nani.